Mistari Minne Kila Usiku: Nilivyojifunza Kuyaishi Majilio

Kwa miaka kama tisa hivi nilikuwa nikiyaanza Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, kwa bidii na kuyapoteza njiani. Jioni ya kuamkia Jumapili ya kwanza ningekaa na daftari jipya na kuandika mpango wangu: kuamka saa kumi na moja alfajiri na kusali kwa saa nzima, kusoma kitabu chote cha nabii Isaya chenye sura 66, kufunga siku mbili kila juma, na kumtembelea mgonjwa mmoja kila Jumamosi. Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri na zilinipa furaha ambayo leo naitambua kuwa ilitokana zaidi na kujitazama mwenyewe. Kufikia Jumapili ya pili nilikuwa nimeruka siku mbili. Kufikia ya tatu nilikuwa nadaiwa zaidi ya sura 30 za Isaya, na deni hilo lilinifanya nilikwepe hata daftari lenyewe. Krismasi ilipofika nilisimama kanisani nikaimba pamoja na wenzangu, huku moyoni nikijua kwamba sikuwa nimemngoja mtu yeyote.

Sikukosa maarifa. Nilijua kwamba Majilio ni tafsiri ya neno la Kilatini adventus, yaani kuja, na nilipenda jinsi neno letu linavyobeba kitenzi cha kumjilia mtu, kana kwamba kuja huko kuna mtu kunakomlenga. Nilijua kwamba katika makanisa ya Magharibi kipindi hiki huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, kwa hiyo kinaweza kuanza mapema kama tarehe 27 Novemba au kuchelewa hadi tarehe 3 Desemba, na urefu wake ni kati ya siku 22 na 28. Nilijua kwamba Wakristo wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, katika karne ya 6 walikuwa wakifunga kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, na kwamba Waorthodoksi mpaka leo hufunga siku 40 kuanzia tarehe 15 Novemba. Nilikuwa nimesoma pia mafundisho ya Bernardo wa Clairvaux, mmonaki wa karne ya 12, kwamba Bwana huja mara tatu: alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu, na katikati ya kuja huko kuwili kuna kuja kwa tatu kusikoonekana, ambako humjia mtu moyoni mwake sasa. Yote hayo niliweza kuyaeleza mbele ya watu. Nisichokiweza kilikuwa kukaa kimya dakika tano siku ya tisa ya Desemba.

Mabadiliko yalianza mwaka 2017, na hayakuanzia kwenye mpango. Mwezi Oktoba mwaka huo mama yangu alipatwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia na kumwondolea usemi. Alielewa tulichosema, au angalau macho yake yalituambia hivyo, lakini midomo yake haikuweza kutoa neno. Aliporudi nyumbani kutoka hospitalini tuligawana zamu: dada yangu alikaa naye mchana, nami baada ya kazi nilikaa naye usiku, kuanzia saa tatu hadi alfajiri. Mtu aliyewahi kumuuguza mgonjwa usiku anajua jinsi siku zinavyoanza kufanana, na jinsi mtu anavyoweza kufika Alhamisi akidhani bado ni Jumanne. Novemba ilipokwisha sikuwa na daftari jipya wala mpango wowote, na kusema kweli nilikuwa nimeshakubali kwamba mwaka huo Majilio yangenipita.

Krismasi ya mwaka ule iliangukia Jumatatu, hivyo Majilio yalikuwa mafupi kadiri yanavyoweza kuwa, siku 22 tu. Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Desemba. Nilikwenda kanisani nikiwa na usingizi, na Injili iliyosomwa ilikuwa ile ya Marko sura ya 13, ambapo Bwana anawaambia wanafunzi wake wakeshe kwa kuwa hawajui mwenye nyumba atarudi lini, kama ni jioni, au usiku wa manane, au awikapo jogoo, au asubuhi. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, lakini siku hiyo niliyasikia kwa mwili. Nilizijua zamu hizo nne. Nilijua kwamba jioni mgonjwa huwa mtulivu, kwamba usiku wa manane ndipo anapohitaji kugeuzwa, kwamba muda mfupi kabla ya jogoo kuwika ndipo mkeshaji anaposhindwa kabisa na macho yake, na kwamba asubuhi haiji kwa sababu umeitamani sana. Nilitoka kanisani nikifikiri kwamba labda mimi, ambaye sikuwa na mpango, nilikuwa tayari nimewekwa mahali ambapo Majilio yanafanyika, na kilichobaki ni kulifahamu hilo na kukaa hapo kwa hiari.

Usiku huo nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza miaka yote iliyotangulia: ni kitu gani ninachoweza kukifanya saa nane za usiku, nikiwa nimechoka, bila kujilaumu? Kabla ya hapo nilikuwa nikipima ibada kwa siku yangu njema, siku ambayo nimelala vizuri na hakuna anayenihitaji. Mara hii nililazimika kuipima kwa siku mbaya. Nilifungua Injili ya Luka na kuona kwamba sura ya kwanza ina mistari 80. Nikahesabu: mistari minne kila usiku ingenifikisha mwisho wa sura kwa siku 20, na siku mbili zilizosalia ningeziachia mwanzo wa sura ya pili. Kwa hiyo mambo yalikuwa haya: kuwasha mshumaa mmoja mdogo mezani, kusema mstari mmoja wa Zaburi ya 130, kumsomea mama mistari minne, kukaa kimya, na kumtaja mtu mmoja mbele za Mungu kwa jina lake. Yote yalichukua robo saa, na usiku mbaya zaidi yalichukua dakika sita.

Mshumaa niliuweka kwa sababu ya simu. Ilikuwa desturi yangu kuishika simu mara tu mama anaposinzia, na mwanga wake ndio uliokuwa ukinikesha kwa saa nyingi bila kunipa chochote. Nilijiwekea sharti moja, kwamba simu haishikwi kabla ya mshumaa kuwashwa na kuzimwa. Sikuwa na nia ya kufanya jambo la kupendeza. Nilihitaji kitu cha kuonekana ambacho kingeniambia kwamba saa ya Bwana imeanza, na kwamba ikimalizika itakuwa imemalizika kweli, nami nitakuwa huru kufanya mengine. Mpaka leo naona kwamba mpaka huo ulio wazi, wa kuwasha na kuzima, umenisaidia kuliko maazimio mengi niliyowahi kuyaandika.

Mstari wa zaburi ulikuwa ule usemao: “Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi.” Niliuchagua kwa kuwa mama aliupenda na alikuwa ameuzoea. Yeye ndiye aliyetufundisha kusali, na sasa ilikuwa ajabu, na chungu pia, kusali kwa sauti mbele yake bila kumsikia akiitikia. Usiku wa pili au wa tatu nilihisi mkono wake wa kushoto ukinibana kidogo nilipofika kwenye marudio, pale pa “naam, walinzi waingojavyo asubuhi.” Nilidhani ni bahati tu. Usiku uliofuata alibana tena mahali pale pale. Tangu hapo nilijifunza kuusoma mstari huo polepole na kumwachia nafasi mwishoni, maana hiyo ndiyo iliyokuwa “amina” yake.

Kusoma mistari minne tu kulikuwa na ugumu ambao sikuutarajia. Usiku wa kwanza niliangukia utangulizi wa Luka kwa Theofilo, ambao hauna malaika wala tangazo lolote, nami nilitamani kuendelea mbele hadi mahali panapogusa. Nilijizuia. Kwa kujizuia huko nilianza kuona mambo ambayo usomaji wa haraka ulikuwa umenificha kwa miaka yote: kwamba habari ya kuja kwa Mwokozi haianzii Nazareti bali kwa wazee wawili wasio na mtoto, kwamba Zakaria alikuwa akitimiza zamu yake ya kawaida hekaluni malaika alipomtokea, kwamba Elisabeti mkewe alipopata mimba alijificha miezi mitano. Zamu ya kawaida lilikuwa neno langu. Nililibeba siku nzima kazini.

Usiku wa tano, Alhamisi tarehe 7 Desemba, ulikuwa mgumu. Mistari ya siku hiyo ilikuwa ya 17 hadi 20, na nilipoitupia jicho nikaona kwamba inaishia pale malaika anapomwambia Zakaria kwamba atakuwa bubu, asiweze kusema, mpaka siku ile mambo hayo yatakapotukia. Nilisita. Nilifikiri kuruka, au kuchagua zaburi yoyote ya faraja, kwa sababu kumsomea maneno hayo mwanamke ambaye kinywa chake kimefungwa kulionekana kama ukatili. Tena Zakaria aliadhibiwa kwa kutokuamini, na sikutaka mama adhani hata kwa dakika moja kwamba nami ninamhesabia ugonjwa wake kuwa adhabu. Mwishowe nilisoma. Nilisoma kwa sauti ya chini, nikamaliza, nikanyamaza, nikamtazama. Alikuwa ananitazama kwa macho makavu na yaliyo wazi, kama mtu aliyesikia habari za mtu anayemfahamu.

Tangu usiku huo Zakaria alikaa nasi chumbani. Katika usomaji wangu wa mistari minne minne alibaki kimya kwa usiku kumi, na katika maisha yake alibaki kimya kwa muda wa mimba nzima ya mkewe. Nilianza kuwaza jinsi nyumba ile ilivyokuwa miezi yote hiyo, na kwamba ahadi ya Mungu ilikuwa ikikua ndani ya nyumba ambayo kuhani wake hawezi kuisema. Niliona pia, mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, kwamba ndugu na jirani walimwashiria Zakaria kwa mikono walipotaka kujua jina la mtoto. Walikuwa wamejifunza kusema naye kwa njia nyingine. Jambo hilo lilinionya, kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza kuzungumza juu ya mama mbele yake kana kwamba hayupo, nikijadiliana na wageni kuhusu dawa zake na usingizi wake huku yeye akitusikia. Niliacha. Nilianza kumuuliza mwenyewe, kwa maswali yanayoweza kujibiwa kwa kubana mkono mara moja au mara mbili, na nilishangaa kuona ni mambo mangapi alikuwa na maoni nayo.

Kuhusu kimya, napenda kuwa mkweli. Nilianza na dakika kumi kwa sababu namba hiyo ilinipendeza, na kwa siku nne mfululizo nililala kitini kabla ya dakika hizo kwisha. Nikapunguza hadi tatu. Katika dakika tatu hizo sikuwa na mawazo matakatifu. Niliwaza madeni, niliwaza kazi, niliwaza kama mama angepona, na mara chache sana, labda mara nne katika siku zote 22, kulikuwa na utulivu ambao sikuutengeneza mimi. Mtu anayeanza naweza kumwambia tu kwamba mara nne hizo zisingalitokea kama zile nyingine kumi na nane zisingalikuwapo, na kwamba asihukumu kimya chake kwa kile alichohisi ndani yake. Bernardo alisema kuja kule kwa katikati hakuonekani. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikisoma kipengele hicho kama fumbo, na sasa nakisoma kama maelezo ya kawaida ya jinsi mambo yalivyo.

Majina yalikuwa jambo jingine kabisa. Niliandika majina 22 kwenye kipande cha karatasi, jina moja kwa kila siku, nikakiweka ndani ya Biblia iliyokaa kando ya kitanda. Niliandika jina la mfanyakazi mwenzangu aliyefiwa, la mtoto wa jirani, la muuguzi aliyetufundisha kumgeuza mama bila kumuumiza. Jina la dada yangu niliandika mara tatu na kulifuta mara mbili. Tulikuwa hatuelewani. Yeye aliona kwamba zamu ya mchana ndiyo nzito, kwa kuwa ina kuogesha, kulisha na kupokea wageni, wakati mimi ninakaa na mtu aliyelala. Mimi niliona kwamba yeye hulala kitandani kwake wakati mimi ninakesha. Tulikuwa tumefikia kupokezana zamu mlangoni kwa maneno matatu. Mwishowe niliacha jina lake kwenye tarehe 13, katikati, mahali ambapo lisingeonekana kuwa la maana sana. Usiku huo nilipomtaja sikuweza kusema ombi lolote refu. Nilisema tu, “Bwana, dada yangu amechoka,” na mara tu niliposema hivyo nikajua kwamba ni kweli, na kwamba kwa wiki saba sikuwahi kulisema hata kwa mtu mmoja.

Asubuhi nilisahau karatasi ile juu ya blanketi. Dada alipofika aliiokota, akaisoma, akairudisha ndani ya Biblia, wala hakusema neno. Kesho yake alifika nusu saa kabla ya wakati wake na kuniambia niende nikalale. Hatukuwahi kuizungumzia karatasi ile, lakini tangu siku hiyo tulikuwa tukikaa pamoja dakika chache za alfajiri, sote wawili na mama, kabla sijaondoka.

Jumapili ya tatu iliangukia tarehe 17 Desemba. Ni Jumapili ambayo katika makanisa mengi rangi ya zambarau hupokewa na rangi ya waridi, na jina lake la Kilatini, Gaudete, linatokana na maneno ya Paulo kwa Wafilipi: furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, furahini. Sikuweza kufurahi siku hiyo, na sikujilazimisha. Kilichonisaidia ni kukumbuka kwamba Paulo aliandika waraka ule akiwa katika vifungo, kwa hiyo hakuwa akiwaagiza watu wenye siku njema. Jioni ya tarehe hiyo hiyo huanza pia zile antifona saba za kale, yaani aya fupi za kuimbwa, zinazoambatana na wimbo wa Maria katika sala ya jioni, moja kwa kila siku hadi tarehe 23, ambazo humwita Bwana kwa majina aliyopewa na manabii: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, Imanueli. Herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, zikisomwa kuanzia mwisho, hutoa maneno ero cras, yaani kesho nitakuwapo. Kila moja ya antifona hizo ina neno “njoo” ndani yake. Niliongeza antifona ya siku baada ya mistari minne, na ile ya tarehe 20, inayomwomba Ufunguo wa Daudi aje amtoe mfungwa katika nyumba ya kifungo, nilishindwa kuimaliza kwa mara ya kwanza. Mama alinibana mkono kabla sijafika mwisho, kana kwamba ananiambia niendelee.

Lazima nieleze pia habari ya tarehe 18, kwa sababu nisipoieleza simulizi hii itakuwa nzuri kuliko ukweli wenyewe. Usiku huo mistari ilikuwa ya 61 hadi 64, pale Zakaria anapotaka kibao na kuandika, “Jina lake ni Yohana,” na papo hapo kinywa chake kikafunguliwa. Nilikuwa nimeuhesabu usiku huo tangu wiki iliyopita. Nilikuwa na kalamu na karatasi mfukoni. Nilipomaliza kusoma niliiweka kalamu katika mkono wake wa kushoto, nikashika karatasi, nikangoja, na ninakiri kwamba nilingoja muujiza. Alijitahidi sana. Aliandika mistari mitatu iliyopinda, isiyosomeka, kisha kalamu ikamponyoka. Hakusema neno usiku huo wala usiku mwingine wowote. Nilihisi uchungu mkali na aibu ya kumjaribu Mungu na kumchosha mgonjwa kwa wakati mmoja. Lakini karatasi ile sikuitupa. Iko katika Biblia ile ile, kwenye ukurasa huo huo wa Luka, na nimeitazama mara nyingi kuliko andiko lolote ambalo mama aliwahi kuniandikia akiwa mzima. Kuna kungoja ambako jibu lake halisomeki, na nisingependa mtu yeyote aandike juu ya Majilio bila kulisema hilo.

Tarehe 22 tulimaliza sura, kwa maneno yale ya mwangaza utokao juu, unaowaangazia wakaao katika giza. Jumapili ya nne na mkesha wa Krismasi viliangukia siku moja, tarehe 24. Asubuhi tulisikia kanisani Maria akimjibu malaika, “na iwe kwangu kama ulivyosema,” na jioni saa zile zile mshumaa wangu ulikuwa mezani kwa mara ya mwisho. Nilisoma jinsi Maria alivyomzaa mwanawe, nikamaliza, nikazima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyamaliza Majilio, na sikuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya sura moja na kidogo, mishumaa michache iliyoisha, na karatasi ya majina.

Mama alifariki mwezi Juni mwaka uliofuata. Majilio ya mwaka 2018 yalipoanza, tarehe 2 Desemba, niliwasha mshumaa mbele ya kiti kitupu na kusema mstari wa zaburi, na mwishoni nikajikuta nimeacha ile nafasi yake. Bado ninaiacha.

Tangu wakati huo nimejaribu mambo mengine kadhaa. Kutoa kitu kimoja kila siku kwa mtu anayekihitaji ni zoezi jema, ila kwangu liligeuka haraka kuwa kupunguza vitu nisivyovitaka; sasa natoa mara moja kwa juma, na kitu ambacho ningependa kubaki nacho. Nyimbo za Krismasi tumejifunza kuziacha hadi jioni ya mkesha, jambo ambalo familia yangu iliona kuwa ni ukali mwaka wa kwanza, lakini mimi nasimama hapo, kwa sababu Majilio yana nyimbo zake za kungoja na hizo hazipati nafasi nyingine katika mwaka. Taji la Majilio tulilianza mwaka 2020 kwa ajili ya binti yangu. Nilimsimulia kwamba lilitokana na mchungaji mmoja wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiwalea watoto maskini huko Hamburg nchini Ujerumani, na ambaye mwaka 1839 aliweka mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili, ili watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika waweze kuhesabu wenyewe. Binti yangu aliwaelewa watoto hao bila maelezo zaidi, na kuwasha mshumaa kukawa kazi yake.

Mwaka 2022 Majilio yalikuwa marefu kadiri yanavyoweza kuwa, siku 28, na mimi kwa furaha ya kuwa na mwenzangu wa kusoma naye niliusahau upimaji wangu. Niliona kwamba Luka ina sura 24, nikaamua kwamba tutasoma sura nzima kila jioni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mkesha wa Krismasi. Tulifika sura ya 9. Kisha kazi ikanizidi, binti akaugua homa, na jioni tano zikapita bila mshumaa. Jioni ya sita alikuja mwenyewe na kibiriti mkononi. Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa amehesabu.

“Baba, tumeacha sura tano,” alisema. “Tukizisoma zote leo, na ya leo, tutachelewa kulala?”

Nilimwona akiwa amesimama na deni lile lile nililolibeba mimi kwa miaka tisa, akiwa tayari kulilipa lote kwa usiku mmoja.

“Hizo tumeziacha,” nilimwambia. “Leo ni tarehe ngapi?”

“Kumi na tano.”

“Basi washa, utusomee ya kumi na tano.”

Aliwasha mshumaa. Nilisema mstari wa zaburi, nikaacha nafasi, naye alingoja kama alivyozoea kuniona nikingoja. Kisha akafungua Luka, akatafuta sura kwa kidole, na kuanza kusoma juu ya watoza ushuru na wenye dhambi waliokuwa wakimkaribia Yesu ili wamsikilize.